Vidukari walitaka kuniumbua

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni, nina stori ya mboga. Usicheke. Mjini hapa mboga nazo zinaweza kumuumbua mtu mchana kweupe.

Ilikuwa hivi. Pale ninapopanga, Sinza, mama mwenye nyumba alinipa kipande cha uani, matuta manne tu. Nikapanda sukuma wiki. Zikastawi ile mbaya, mpaka mama ntilie wa kijiweni kwetu akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi uniletee mafungu manane." Akanipa na hela ya mwanzo. Nikaila siku ileile, si unajua ujana.

Jumatatu nageuza jani, naona kitu kama majivu. Nikadhani vumbi. Kumbe vidukari, wale wanaoitwa pia wadudu mafuta! Wamebanana chini ya jani kama abiria wa daladala asubuhi, na majani yameanza kujikunja na kunata. Halafu hawa viumbe hawana habari na posa wala mahari. Jike anazaa bila dume, na kwenye joto letu mtoto naye anaanza kuzaa baada ya wiki hivi. Sisimizi wanawalinda kama mabaunsa, maana wanakunywa yale majimaji matamu yao.

Mshikaji wangu akaniletea kichupa kisicho na lebo. "Puliza leo, kesho wote chini." Sikatai, nilikaa nacho mlangoni muda mrefu. Dawa ya shambani ina siku zake za kusubiri kabla hujavuna, na siku hizo zinaandikwa kwenye lebo. Hiki hakina lebo, na walaji ni hawahawa ninaopigishana nao stori pale kijiweni. Nikamrudishia. Akaninunia.

Nikaukumbuka mwarobaini wa barabarani. Nikatwanga majani, nikachuja, nikapuliza saa saba mchana, juu ya majani, halafu nikasimama nisubiri maiti. Wapi! Hakudondoka hata mmoja.

Bibi wa jirani ndiye aliyenicheka na kunifundisha. Mwarobaini hauui papo hapo kama dawa ya mbu. Ile azadiraktini iliyomo inamkata mdudu hamu ya kula na kuwavuruga wadogo wasikue. Jua kali linaiharibu, ndiyo maana unapuliza jioni. Tena mbegu zina nguvu kuliko majani. Alikuwa nazo kavu kwenye kopo. Tukatwanga viini, gramu 50 kwa kila lita ya maji, tukaloweka usiku kucha, tukachuja kwa kipande cha khanga. Ukiweka sabuni kidogo, dawa inashika kwenye jani. (Mimi kwa kiherehere niliongeza sabuni ya unga, ikaniunguzia miche miwili.) Nikakata majani yaliyooza kwa wadudu, yaliyobaki nikayapuliza kwa chini, jani moja moja, mgongo ukaniuma hasa.

Nikamuuliza bibi, na tumbaku je? Akanikata jicho. Maji ya tumbaku yana nikotini, ni sumu hata kwa wewe unayepuliza. Utupa nao, watu walikuwa wanaulia samaki mtoni. Jani lisikudanganye kwa kuwa ni jani.

Jumamosi ikafika nina mafungu matatu. Nikaenda nimeinamisha kichwa. Mama ntilie akayachukua, akanikumbusha hela yake mbele ya wateja wote. Aibu niliyoipata, acha tu.

Wiki iliyofuata nikapuliza tena Jumatatu, kisha nikaacha kabisa. Majani mapya yakatoka safi. Vikaja na vile vijidudu vya mgongo mwekundu wenye madoa meusi, vinawafakamia vidukari kama karanga. Kichupa cha mshikaji kingevimaliza navyo.

Jumamosi nikapeleka mafungu manane, yameoshwa vizuri. Mama ntilie akageuza jani, akanusa, akaniangalia.

"Umepuliza nini?"

"Mwarobaini, mama. Jumatatu."

Hakujibu. Akachukua fungu moja, akalikatakata, akaliunga kwa nyanya na kitunguu, akapakua na ugali.

"Kaa hapo, kula wewe kwanza."

Nikanawa, nikakaa. Nilimaliza sahani nzima, na akanidai hela ya ugali.