Mambo ya Nyumbani: Madoa ya Petroli



Huko Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, safari nyingi ni za ziwani, na nguo nyingi hurudi nyumbani zikinuka petroli ya mashine za boti. Wengi huzitia majini mara moja, kisha hushangaa kuona doa lingalipo. Sababu ni hii: petroli yenyewe huruka kama mvuke, lakini oili iliyochanganywa nayo hushika uzi wa nguo, na maji peke yake hayaiwezi.

Basi twawashauri hivi. Kwanza, tundikeni nguo nje penye upepo, mbali na mafiga, karabai na sigara, hata harufu ipungue. Pili, nyunyizeni unga wa muhogo juu ya doa, unyonye oili, kisha mkung'ute. Twajua unga ni chakula. Kijiko kimoja chatosha. Tatu, pakeni sabuni kabla ya kutia maji, mwache kitambo, ndipo mfue kwa maji ya moto kadiri nguo iwezavyo kuvumilia. Ifuliwe peke yake. Doa likibaki, rudieni.

Msipige pasi nguo inayonuka bado. Moto hulikaza doa. Tena mvuke wa petroli hauonekani, nao hutambaa chini hata ufikie moto ulio mbali.

Na baba akirudi shati limelowa petroli, asiingie jikoni kuota moto. Avue kwanza, aoge kwa sabuni. Shati hununuliwa tena. Ngozi ya mtu hainunuliwi.