Mwanafunzi wa Udaktari na Swali la Ng'ombe

Msafara wetu ulipolala Karatu, mji ulioko kiasi cha kilometa 140 kutoka Arusha katika njia ya kwendea Ngorongoro, tuliona ni wajibu kumjulia hali kijana wetu mmoja kutoka Pemba. Yuko mwaka wa nne wa masomo ya udaktari, naye alikuwa huko kwa mafunzo ya vitendo. Watalii hupita mji huo wakikimbilia kreta. Sisi tulikaa na kijana yule mpaka usiku, na aliyotusimulia yanastahili kusikiwa na wakubwa.

Aliletwa mama mmoja wa Kimaasai kutoka juu Ngorongoro, ana homa ya kuja na kuondoka kwa wiki nyingi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Mama hajui Kiswahili, na kijana hajui Kimaasai. Akaitwa mlinzi wa lango awe mkalimani. Mama alisema maneno mengi, na mlinzi akayafupisha: "Anasema ana homa." Kijana akaandika malaria. Kipimo kikakataa. Ndipo alipofika daktari mzee, akauliza swali moja tu: ng'ombe wangapi nyumbani wametupa mimba mwaka huu? Watatu, na mama mwenyewe ndiye aliyewazalisha kwa mikono yake. Maziwa nayo hunywewa mabichi. Ugonjwa ukatambulikana kuwa brusela, ambao hauponi kwa dawa ya malaria. Mgonjwa hutakiwa kumeza dawa za aina mbili kwa wiki sita.

Msomaji asidhani kwamba kosa hilo ni la mwanafunzi peke yake. Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013, ulichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliodhaniwa na waganga kuwa na malaria walikuwa 528. Walioonekana kweli kuugua malaria walikuwa 14. Wengi walikuwa na maradhi mengine, na miongoni mwa maradhi hayo yamo yatokayo kwa wanyama. Ikiwa mambo yako hivyo Kilimanjaro, kwenye hospitali kubwa na walimu wake, yatakuwaje Endulen, au kwenye maboma ya mbali zaidi, ambako mtu na ndama hulala chini ya paa moja na kimeta ni ugonjwa wa kawaida?

Kijana yule si mvivu. Vitabu anavijua, tena kwa Kiingereza. Mimi nilisoma chuoni kwa maalimu kabla ya kuingia skuli ya Serikali, na nakumbuka tulivyohifadhi juzuu nzima bila ya kufahamu maana yake. Maalimu hakuficha jambo hilo. Alituambia maana itakuja baadaye, nasi tukamwamini. Mwanafunzi wa udaktari naye huhifadhi, lakini mgonjwa aliyelala mbele yake hawezi kungoja baadaye.

Pamoja na hayo, kijana alikuwa amepanga chumba kwa fedha za kukopa, kwa sababu posho yake ilikuwa haijafika. Mambo haya tuliyadharau zamani. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulianza na madai ya watarajali, yaani madaktari wachanga walio katika mwaka wao wa kwanza wa kazi baada ya masomo, na wananchi ndio walioteseka.

Wapo watakaosema kwamba afya si jambo la Muungano, na kwamba ng'ombe wa Ngorongoro hawatuhusu sisi watu wa visiwani. Hoja hii haina miguu. Tangu mwaka 2007 Zanzibar imekuwa ikifundisha madaktari wake, ikianza kwa msaada wa walimu wa Matanzas, Kuba, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini malaria visiwani imepungua sana, na kila inapopungua ndivyo homa zinazobaki zinavyokuwa homa za aina nyingine. Nasi tunafuga ng'ombe na mbuzi, Unguja na Pemba. Daktari wetu akijifunza Karatu kuuliza habari za mifugo, swali hilo atarudi nalo Micheweni.

Basi tunawaomba wanaohusika watazame mambo mawili wanapopanga makadirio yajayo. Wanafunzi wa visiwani wapelekwe katika wilaya za wafugaji kwa miezi, si kwa wiki mbili za kupiga picha kwenye ukingo wa kreta, na posho yao iwatangulie. Na kila hospitali inayowapokea iwe na mkalimani aliyefundishwa, wa Kimaasai, wa Kiiraqw na wa Kibarbaig, anayelipwa kwa kazi hiyo. Yule mlinzi alifanya alivyoweza. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kulinda lango, na saa ile lango halikuwa na mtu.