Hasheem Thabeet na Mizani ya Mlinzi

Kuna mabishano ambayo hayaishi katika mabaraza yetu ya kahawa. Mazungumzo yataanzia bei ya unga, yatapita kwenye kandanda ya Uingereza, na mwishowe mtu atautaja mpira wa vikapu wa Marekani. Hapo jina la Hasheem Thabeet halikosi kutokea. Mmoja atasema, "Yule kijana wa Dar es Salaam alitutia aibu." Mwingine atamjibu, "Hakumtia mtu aibu, alionewa." Basi kahawa itapoa vikombeni, na kila mmoja atarudi kwake na maoni yale yale aliyokuja nayo.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: hazikutafuta mizani ya haki ya kumpimia mlinzi. Na jambo hili si la upuuzi. Kesho na keshokutwa kijana mwingine mrefu wa Mombasa, Tanga au Unguja ataambiwa kuwa kimo chake ni mali, na wazazi wake wataombwa wamruhusu avuke bahari. Yafaa wajue wanachokwenda kukiuza, na soko linanunua nini.

Tuanze na yale yasiyo na ubishi. Hasheem alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa vikapu aliuanza kwa kuchelewa, akiwa na umri wa miaka kama 15. Akaenda Marekani kumalizia masomo ya sekondari, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo chake ni futi 7 na inchi 3. Huko chuoni alikuwa ukuta. Katika msimu wake wa mwisho, wa 2008-09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6 kwa mchezo, akidaka mipira 10.8 iliyorudi kutoka ubaoni, na kupangua mitupo zaidi ya 4 ya wapinzani. Chama cha makocha wa vyuo kilimtangaza mlinzi bora wa nchi nzima mara mbili mfululizo, mwaka 2008 na 2009.

Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, yaani ligi kuu ya wachezaji wa kulipwa. Hapana Mtanzania aliyewahi kucheza katika ligi hiyo kabla yake. Nyuma yake waliachwa James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Leo kila mpenzi wa mchezo huu awajua watu hao wawili walifika wapi.

Naye Hasheem? Mambo hayakumwendea. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujamalizika, alipelekwa ligi ya chini akapate mazoezi. Mpaka siku hiyo hapakuwa na mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho akashushwa namna hiyo. Mwaka uliofuata alipelekwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City, ambako safari yake katika NBA iliishia mwaka 2014. Alicheza michezo 224 kwa jumla, kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye alikwenda kucheza Japani na Taiwan.

Wenye kumlaumu huishika hiyo pointi 2.2 kama mtu aliyeshika hati ya nyumba. Husema mtu aliyeteuliwa mbele ya Curry hana budi kufunga kama Curry. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza. Hasheem hakuteuliwa kufunga. Aliteuliwa kuzuia, na mlinzi hapimwi kwa mabao, kama vile kipa hapimwi kwa magoli aliyoyatia.

Tukumbuke habari za Bill Russell. Mtu huyu alitoka Chuo Kikuu cha San Francisco, ambacho alikipatia ubingwa wa vyuo mwaka 1955 na 1956. Kisha akaenda Boston, na katika misimu 13 akatwaa ubingwa mara 11. Hapana mchezaji mwingine wa NBA aliyewahi kuifikia hesabu hiyo. Lakini ukitaka kujua alipangua mitupo mingapi katika maisha yake, hutapata jibu rasmi, kwa sababu NBA ilianza kuandika hesabu hiyo msimu wa 1973-74, na Russell alikuwa amestaafu mwaka 1969. Kazi yake kubwa kuliko zote haikuwa na safu katika daftari. Kama tungemhukumu kwa pointi peke yake, wako wengi ambao wangewekwa juu yake, na hao wengi walimaliza maisha yao ya uwanjani wakimtazama akibeba vikombe.

Tukimpima Hasheem kwa mizani hiyo, tutaona jambo ambalo wenye kumlaumu hawalisemi. Katika msimu wake wa kwanza alipewa kama dakika 13 tu kati ya 48 za mchezo. Katika dakika hizo chache alipangua mitupo 1.3 kwa wastani, yaani mmoja kwa kila dakika kumi. Hiyo si kazi ya mtu asiyejua kitu. Hapa wenye kusema kuwa alionewa hupiga makofi na kuomba kikombe cha pili.

Wasiharakishe. Kupangua mtupo ni tendo moja tu la ulinzi, tena ndilo linaloonekana zaidi. Mlinzi hasa hutazamwa kwa mambo mengine: je, alisimama mahali pake kabla mpinzani hajafika? Je, alimlazimisha kutupa akiwa mbali, au kwa mkono asioupenda? Je, miguu yake yaweza kumfuata mtu mfupi mwepesi anayekwenda kushoto na kulia? Haya hayaandikwi katika safu ya mitupo iliyopanguliwa, na hapa ndipo ulinzi wa chuoni na ulinzi wa kulipwa unapotengana.

Chuoni mtu wa futi 7 na inchi 3 aweza kusimama chini ya kikapu kama mnara wa taa, akingoja meli zije kwake. Wapinzani wengi ni vijana wafupi kwake, na hakuna sheria ya kumwondoa pale. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiye na mtu wa kumkaba karibu naye haruhusiwi kukaa katika eneo lililo chini ya kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu. Tena mafundi wa huko humvuta makusudi. Mmoja husimama kama kisiki kumzibia njia mlinzi wa mwenzake, huyo mwenye mpira hupita kasi, na yule mrefu hujikuta ameburutwa mpaka mbali na kikapu, uso kwa uso na mtu mwepesi kama swala. Huko kimo hakimsaidii sana. Kinachomsaidia ni miguu, na akili iliyotangulia miguu.

Dalili zilikuwapo mapema. Februari 2009 Connecticut ilicheza na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Huko alikuwako DeJuan Blair, kijana wa futi 6 na inchi 7, mfupi kwa Hasheem kwa inchi nane nzima, lakini mnene wa kifua na mwenye kujua kuuweka mwili wake. Siku hiyo Blair alifunga pointi 22, akadaka mipira 23, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68. Waliokwenda uteuzini miezi michache baadaye waliujua mchezo huo. Hata hivyo Hasheem akachaguliwa wa pili, na Blair wa 37. Kimo kilikuwa kimewapofusha macho.

Sasa tufike penye kiini cha maneno yetu. Tarehe 24 Februari 2011 Memphis ilimtoa Hasheem kwenda Houston, na mtu mkubwa iliyempokea katika mapatano hayo alikuwa Shane Battier. Msomaji na atazame jambo hili kwa makini. Battier naye alikuwa mtoto wa vyuo, wa Chuo Kikuu cha Duke, na tuzo ile ile ya mlinzi bora wa vyuo aliipata mara tatu, 1999, 2000 na 2001. Basi waliobadilishwa siku ile walikuwa watu wawili wenye tuzo moja. Mmoja alikuwa na miaka 24 na futi 7 na inchi 3. Mwingine alikuwa na miaka 32 na futi 6 na inchi 8, hana kasi ya kutisha, wala haruki sana. Na Memphis, iliyomteua Hasheem wa pili katika nchi nzima, ikaongeza na haki yake ya kuteua mchezaji mwingine ili impate yule mzee.

Kwa nini? Kwa sababu Battier alilinda kwa kusoma. Kabla ya mchezo alikuwa akipewa hesabu za mpinzani wake: kila mahali anapotupia, na kila mahali anapokosea. Akimkaba Kobe Bryant hakujaribu kumpokonya mpira. Alimsukuma taratibu kuelekea pembe ambazo Bryant hakosi kukosa, kisha akamwekea kiganja mbele ya macho wakati wa kutupa. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis alieleza kwa urefu namna timu zilivyokuwa zikishinda zaidi Battier akiwa uwanjani, ilhali daftari halionyeshi alichofanya. Wastani wake wa pointi katika maisha yake yote ya kulipwa ni 8.6 tu. Masika ya mwaka ule wa 2011 Memphis, iliyoingia katika mashindano ya mwisho ikiwa ya nane, iliitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza. Na Marc Gasol, aliyekuwa ameishika nafasi ambayo Hasheem aliitamani, akaja kuwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013, naye si mtu wa kuruka juu bali wa kujua pa kusimama.

Msomaji aweza kuuliza: basi Mwafrika aliyeanza mchezo huu ukubwani hana lake? Sivyo. Hakeem Olajuwon, Mwislamu wa Lagos, aliufikia Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980 akiwa ameuchezea mpira huu kwa muda mfupi tu. Lakini nyumbani alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono, na huko ndiko miguu yake ilikofundwa. Huko Houston, majira ya joto, alikuwa akicheza na Moses Malone, mtu mzima wa kulipwa, akapigwa vikumbo mpaka akajua. Alistaafu akiwa amepangua mitupo 3,830, hesabu ambayo haijavunjwa. Mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali, yote katika msimu mmoja. Na mwezi wa Februari 1995, uliokaribiana na Ramadhani, akicheza huku amefunga, alitangazwa mchezaji bora wa mwezi. Dikembe Mutombo wa Kinshasa naye alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akikusudia kusomea udaktari, akakaa miaka minne chini ya kocha John Thompson, akaingia NBA akiwa na miaka 25. Alikuwa mlinzi bora mara nne.

Watu hawa hawakumzidi Hasheem kwa kimo. Yeye ndiye mrefu kuliko wote wawili. Walimzidi kwa mafunzo yaliyotangulia soko: mmoja kwa miguu aliyokuja nayo na mwalimu aliyemkuta, mwingine kwa miaka aliyongoja. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mlinzi ni chombo cha kuundwa. Urefu ni mbao tu.

Basi hukumu yetu ni hii. Hasheem Thabeet hakuwa mlaghai, wala hakuonewa kama wasemavyo wapenzi wake. Alikuwa na kipaji cha kweli kilichouzwa mapema, kwa bei ya kitu ambacho hakikuwa bado tayari. Sehemu ya lawama ni yake mwenyewe, kwa kuwa kila mtu ana wajibu wa kuinoa kazi yake. Lakini sehemu kubwa ni ya wale waliopima futi na inchi wakaacha kupima miguu, kisha wakamnyima dakika za kujifunzia. Na hata hivyo, kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 akafika kucheza michezo 224 katika ligi ile, hastahili kuitwa aibu na watu wanaokunywa kahawa.

Kwa wazazi na walimu wa pwani yetu twasema hivi. Akija mtu kumtaka mtoto wenu kwa sababu ni mrefu, msimuulize tu ni chuo gani na ni fedha ngapi. Muulizeni nani atakayemfundisha, na kwa miaka mingapi. Na katika viwanja vyenu vya shule, msimwangalie tu yule anayefunga. Yuko kijana mwingine, pengine mfupi, ambaye kila akisimama mbele ya mtu, mtu yule hafungi siku hiyo. Mwandikeni jina lake daftarini, hata kama safu yake haipo.