Banki kubwa zigawanywe, akiba ya Kalemie ibaki Kalemie

Kalemie haikosi pesa. Ndagala na mikebuka vinauzwa kila siku, mahindi yanaingia kutoka Moba, mizigo inavuka ziwa kutoka Kigoma. Tunachokosa ni mkopo. Mvuvi akienda banki kuomba pesa ya injini ya mtumbwi, anaulizwa karatasi ya kiwanja ambayo hana. Anarudi kwa mkopeshaji wa mtaani, na faida yote ya msimu inaishia kwenye riba.

Akiba yetu sisi, je, inamkopesha nani? Maamuzi makubwa ya mikopo hayafanywi hapa. BCDC, iliyoanzishwa mwaka 1909 wakati wa Wabelgiji, ilichukuliwa na Equity ya Kenya mwaka 2020. Mwisho wa 2022, KCB, nayo ya Nairobi, ilinunua asilimia 85 ya TMB, banki iliyozaliwa Lubumbashi. Ukiongeza Rawbank ya Kinshasa, utaona kwamba sehemu kubwa ya akiba ya nchi iko mikononi mwa banki chache. Sisemi ni wezi. Nasema kwamba mkubwa mwenye faili ya kampuni ya migodi mezani hatapoteza muda kwa mvuvi wa Kituku anayeomba dola 800.

Wako wanaosema: banki ikiwa kubwa ndiyo imara. Hao wamesahau BIAC? Ilikuwa kati ya banki kubwa za nchi, na watumishi wengi wa serikali walipokelea mshahara wao humo. Mwaka 2016 pesa ikakauka, watu wakapanga foleni, wakawekewa kiwango cha kutoa pesa ambayo ni yao wenyewe, mpaka Banki Kuu ikaingia kuisimamia. Banki ikiwa kubwa namna hiyo, inapoanguka inaangukia nyumba nyingi kwa siku moja.

Kugawanya banki si ndoto. Jirani zetu ng'ambo ya ziwa wamelifanya. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, Tanzania ilitaifisha banki na kuunda NBC, ambayo kwa miaka mingi ilishika karibu kazi yote ya banki nchini. Ikajaa madeni yasiyolipika. Mwaka 1997 serikali ikaikata vipande vitatu. Kimoja kikawa NMB, chenye matawi ya wilayani na kazi ya kuhudumia watu wadogo. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49 ya NMB. Na Rabobank yenyewe ilizaliwa na nini? Na vyama vya akiba vya wakulima.

Lakini kugawanya peke yake hakutoshi. Ukikata tembo vipande bila kujua nani atakula, nyama inakwenda kwa wenye visu. Kwa hiyo lazima wakati huohuo tujenge COOPEC zetu, vyama vya akiba na mikopo ambavyo mwanachama ndiye mwenye mali, na kila mtu ana kura moja, awe ameweka franka nyingi au kidogo. Sheria iko tangu tarehe 2 Februari 2002. Na desturi iko hata kabla ya sheria: likelemba. Mama wa sokoni wanachanga, wanapokezana, na asiyelipa anajulikana kwao, kwa mumewe na kanisani. Benki gani ina ulinzi kama huo? Upungufu wa likelemba ni kwamba inazunguka watu kumi au ishirini tu. COOPEC ni likelemba iliyopata hesabu, sanduku la chuma na sheria.

Najua jibu litakalokuja: «COOPEC nazo zimekula pesa za watu.» Ni kweli. Kule Kivu wako wanachama waliolia. Lakini tazameni zinavyoanguka: viongozi wanajikopesha wenyewe, mkutano mkuu hauitishwi, hesabu hazionyeshwi. Hayo ni magonjwa yenye dawa. Mkutano wa wanachama kila mwaka bila kukosa. Hesabu zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili. Kiongozi asipate mkopo bila wanachama kujua. Mkaguzi atoke nje ya chama. Kwenye banki kubwa, mimi na wewe tutaitisha mkutano gani?

Basi tudai mambo matatu. Banki Kuu iweke kikomo: banki ikivuka ukubwa fulani, igawanywe, na isiruhusiwe kumeza nyingine. Sehemu ya akiba inayokusanywa Tanganyika ikopeshwe Tanganyika, kuanzia Kalemie mpaka Kongolo na Manono. Na mkoa uweke wakaguzi wa kweli kusaidia COOPEC, badala ya kuja kuzikata ribboni na kuondoka.

Nasi tusingoje Kinshasa. Vyama vya wavuvi, wakulima wa Nyunzu, walimu, mama wa soko: kila kundi lenye likelemba iliyodumu miaka mitatu lina mbegu mkononi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akiba ni yetu. Maamuzi nayo yawe yetu.