*TAHARIRI YA TAWI: CHANJO INAPITIA SHULENI, NA ASIYE SHULENI JE?*



Leo hatuzungumzii kadi wala ada. Tunazungumzia saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wapo watakaouliza: chama na saratani wapi na wapi? Jibu letu ni hili: ugonjwa huu unawaelemea zaidi wanawake waliosoma kidogo. Jambo linalompata mtu kwa sababu alikosa shule ni jambo la siasa, na linatuhusu.

Tuelewane kwanza. Cheti si dawa. Saratani ya matiti, katika nchi nyingi, huwapata zaidi wanawake waliosoma, kwa kuwa wengi wao huchelewa kuzaa na huzaa watoto wachache. Lakini hao huwahi hospitali, na wengi hupona. Kwa mlango wa kizazi, aliyesoma kidogo hupigwa kotekote: huugua zaidi, na hufika kwa daktari akiwa amechelewa.

*Kwa nini?* Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo ugonjwa unazuilika. Binti anachanjwa. Mama anapimwa: mhudumu hupaka siki na kutazama, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikigundulika mapema hutibiwa kabla haijawa saratani.

Nani anayajua haya? Aliyeambiwa. Nani anakwenda kupima? Mwenye nauli, mwenye nafasi ya kutoka nyumbani, na asiyeona aibu kumuuliza mhudumu swali. Hivyo ndivyo elimu inavyomkinga mtu.

Serikali ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Hilo tunalipongeza. Lakini njia kuu ya kuwafikia ni shule. Je, yule aliyeacha darasa la tano akauze karanga stendi? Aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani? Aliyeozwa? Hadi Novemba 2021 aliyepata mimba alikuwa harudi kabisa katika shule ya serikali. Mlango umefunguliwa, ila si kila binti anarudi.

Binti huyo anapoteza mara mbili: amekosa darasa, amekosa na sindano. Miaka 20 baadaye ndiye mama tunayempitishia daftari la michango ili apate nauli ya kwenda Ocean Road, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Tunachangia mwisho wa safari ambayo ingezuiwa mwanzoni kwa chanjo ya bure.

Hili linawezekana. Jirani zetu Rwanda walianza chanjo hii mwaka 2011 na kuwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Walichanja shuleni, kisha wahudumu wa afya wa jamii wakawatafuta majumbani wasiokuwa shuleni. Hawakuwa na miujiza. Walijua nani hayupo darasani, wakamfuata.

Nasi katika mashina yetu tunajua nani hayupo darasani. Kwa hiyo msimamo wa Tawi ni huu:

*1.* Tunaitaka halmashauri kila inapopanga siku ya chanjo shuleni ipange pia siku ya mtaani, na itangaze mapema. Madiwani wetu walibebe hili vikaoni.

*2.* Kila kiongozi wa shina azungumze na wazazi wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wasiosoma, na awaelekeze zahanati. Majina ya watoto yasiandikwe kwenye makundi ya simu.

*3.* Akina mama wa miaka 30 hadi 50 waulize kituo cha afya siku ya upimaji. Wenye VVU waulize mapema zaidi. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri siku yoyote. Aende sasa.

*4.* Akina baba, msiwe kikwazo. Mpeni mama nauli na nafasi.

Kuna uvumi kwamba chanjo hii inaharibu uzazi. Si kweli. Imetumika duniani tangu 2006, katika nchi zaidi ya 100. Inayompotezea mwanamke kizazi ni saratani yenyewe.

Mwisho, ndugu zetu: taarifa hii itasomwa na wenye simu na wanaojua kusoma. Tunaowazungumzia humu wengi wao hawataiona. Kwa hiyo usiishie kuisambaza tu. Jioni hii mfuate jirani mmoja, umsomee.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Idara ya Habari na Uenezi.