Acheni kuchagua bindingi kwa gramu!

Jamani, nimechoshwa na hizi hesabu za gramu. Bindingi, yaani vile vyuma vinavyoshika kiatu kwenye skii, siku hizi watu wanazinunua kwa mizani: nyepesi ndiyo bora. Kwa anayepanda mlima na kushuka kwa adabu, sawa. Mtindo wa pini aliobuni Fritz Barthel wa Austria miaka ya 1980 unamtosha kabisa.

Lakini wewe unayeshuka kwa fujo, ukiruka miamba mbali na njia zilizosawazishwa? Pini hushika kiatu padogo mno, na kwa nyingi za aina hiyo kinachoachia kwa upande ni kisigino, mbele hapana. Kishindo kikija, kinapokelewa na chuma, skrubu na goti lako. Ni kama kusifu programu kwa kasi bila kuuliza hufanya nini ikikwama!

Marker Duke ya 2007 ilikuwa imara, ila kila hatua ya kupanda uliinua fremu nzima. Salomon Shift ya 2018 ikajibu hilo: pini za kupandia, taya kamili za kushukia. Ina vipande vingi vinavyosogea, kwa hiyo pangusa theluji kabla ya kuibadilisha. Nzito? Ibebe!