Programu moja ya mizani, kila kituo na faili lake

Leo siandiki juu ya mbolea wala kupogolea mibuni. Naandika juu ya kilo zinazopotea bila mwizi.

Msimu uliopita nilisaidia kikundi kimoja hapa Kalinzi kutumia programu ya kupokelea kahawa. Karani anaifungua kwenye simu kwa intaneti, anaandika uzito uliosomeka kwenye mizani, programu inatoa uzito wa chombo, inazidisha kwa bei, risiti inatoka. Vituo vilikuwa viwili, cha juu na cha barabarani. Cha kwanza kilikwenda vizuri, basi cha pili nikafanya haraka: nikanakili kila kitu, nikabadilisha jina la kituo, nikaenda zangu.

Hilo lilikuwa kosa langu. Kituo cha juu kilipokea kahawa kavu kwenye magunia ya katani, na gunia tupu la namna hiyo linakaribia kilo moja. Barabarani watu walileta kwa viroba vya plastiki, kimoja kama gramu 100 tu. Programu ikawa inakata kilo nzima kwa kila kiroba. Mama mmoja ndiye aliyenishtua, risiti mkononi: "Bwana shamba, hivi kiroba kitupu nacho kina kilo nzima?" Tukakipima mbele yake. Mwenye viroba 20 alikuwa amepoteza kilo 18. Siku mbili nzima mimi na karani tulipitia risiti moja moja na kuwalipa watu tofauti yao. Wengine hadi leo wananisalimia kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua makarani wengine hawayapendi: msinakili programu nzima kwa kila kituo. Programu ya kupiga hesabu iwe moja. Yanayotofautiana, yaani jina la kituo, bei, uzito wa chombo na makato, yakae kwenye faili dogo la mipangilio, kila kituo na lake, lenye jina la kituo hicho. Ukinakili yote, kosa la hesabu likigundulika Matyazo litarekebishwa Matyazo, na Kalinzi litaendelea kuwepo. Faili la mfano liwe na nafasi tupu kwenye bei na chombo, na programu ikikuta pengo ikatae kufanya kazi. Foleni itasimama asubuhi, watu watanung'unika, lakini kilo zao zitakuwepo.

Nywila ya kutolea pesa isikae humo kabisa. Faili hilo hutumwa kwa WhatsApp kwa karani mgeni, na kutoka hapo hujui limefika wapi.

Mwenye maduka mawili, moja hapa na jingine Mwandiga, naye yumo. Bei ya sukari ya kule si lazima iwe ya huku mlimani, nauli iko katikati.

Kabla ya msimu, karani apime chombo kitupu mbele ya wanachama, aandike uzito na tarehe, karatasi ibandikwe ukutani, na faili lifuate karatasi. Nawe mkulima, ukipewa risiti usitazame shilingi peke yake. Tafuta mstari wa uzito wa chombo. Kama haupo, uliza kabla hujaondoka kwenye mizani.